Jinsi ya Kujifunza Dramu za Jazi kwa Kufuata Maisha ya Jon Christensen: Mwongozo kwa Wapigaji wa Nairobi

Wapigaji dramu wengi wa Nairobi wamelelewa na kanisa. Huko ndiko wanakoikuta seti ya kwanza ya dramu, mwalimu wa kwanza na hadhira ya kwanza, na huko ndiko wanakojifunza ustadi ambao baadaye huwalisha katika bendi za rumba, za benga na za hotelini: kushika mapigo bila kuyumba, kusikika juu ya kwaya kubwa, na kuziba kila pengo kabla mhubiri hajaliona. Ni malezi mazuri. Hata hivyo, mpigaji huyo huyo anapoalikwa kupiga jazi pamoja na piano na besi kubwa ya kusimama katika ukumbi mdogo, nguvu iliyompatia sifa Jumapili huwafunika wenzake, na mazoea ya kuziba mapengo humnyima kila mmoja nafasi ya kusema neno lake.

Mwongozo huu unapendekeza njia moja ya kuvuka hapo, nayo ni kumchagua mpigaji mmoja, kuyafuata maisha na rekodi zake kwa mpangilio, na kuyageuza yote mawili kuwa mazoezi. Ninayempendekeza ni Jon Christensen wa Norway, aliyezaliwa Oslo tarehe 20 Machi 1943 na kufariki tarehe 18 Februari 2020. Magwiji wa Marekani ndio chemchemi ya sanaa hii na hakuna anayeweza kuwaruka, lakini Christensen ana mambo mawili yanayomfaa mwanafunzi wa hapa. Alijifunza jazi akiwa mbali na miji ilikozaliwa, kama tunavyojifunza sisi. Tena, karibu kazi yake yote ilikuwa ya kuwasindikiza wengine. Ni nadra kulikuta jina lake peke yake juu ya jalada la albamu, na bado ukiondoa mkono wake katika rekodi hizo muziki wenyewe unabadilika kabisa.

Vitu utakavyohitaji

Sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji seti nzima, jambo ambalo litamfariji yeyote anayeishi katika fleti za Umoja au Pipeline ambako ukuta mmoja unahudumia familia mbili. Tafuta jozi ya vijiti vyepesi, pedi ya mazoezi ya mpira, metronomu, ambayo siku hizi ni programu ya simu, daftari, na vipokea sauti vinavyofunika sikio lote. Hivyo vya mwisho usivichukulie kirahisi. Spika ya simu huikata sauti ya besi na kuupotosha mlio wa matoazi, na kwa Christensen matoazi ndiyo habari yenyewe. Ukimsikiliza kwa spika ya simu utasikia saksofoni na piano, kisha ushindwe kuelewa watu wanamsifia nini. Maduka ya Luthuli Avenue yanauza vipokea sauti vya kila bei. Nenda ukiwa na rekodi unayoijua vizuri kwenye simu yako, uvijaribu kabla ya kulipa, na utege sikio kwenye jambo moja: je, mlio wa toazi unafifia taratibu, au unakatika ghafla na kuacha mkwaruzo?

Ukiwa na fedha za kununua kifaa kimoja tu cha dramu, nunua toazi la raidi, yaani lile kubwa la mkono wa kulia, la inchi 20 au 22, jembamba kiasi na lenye mlio mzito usio na ukali. Toazi moja na stendi yake hukaa kwenye pembe ya chumba, na likiguswa kwa ncha ya kijiti halimwamshi mtoto wa jirani. Kwa seti nzima, zungumza na wazee wa kanisa lako wakuruhusu kuitumia mchana siku za wiki, ukisema wazi utaingia saa ngapi na kutoka saa ngapi. Wengi hukubali, hasa wakijua kwamba utaipangusa na kuikaza ngozi zake bila malipo.

Rekodi zenyewe zinapatikana kwa urahisi kuliko zamani. Nyingi zilitolewa na ECM, kampuni iliyoanzishwa mjini Munich mwaka 1969 na Manfred Eicher, na tangu Novemba 2017 orodha ya kampuni hiyo imekuwa kwenye huduma za kusikiliza muziki kwa intaneti. Pakua albamu nzima mahali penye Wi-Fi, kwa sababu wimbo wa dakika 20 unaokatizwa na bando lililoisha haumfundishi mtu lolote.

Chora maisha yake kwenye daftari

Kabla ya kugusa kijiti, tenga kurasa mbili za daftari. Upande wa kushoto andika miaka, na upande wa kulia andika alipiga na nani. Zoezi hili linaonekana la kitoto, lakini ndilo litakalokuonyesha jinsi kazi ya mpigaji inavyojengwa.

Anza na miaka ya 1960. Christensen alizaliwa Norway ikiwa chini ya utawala wa Wajerumani, na akafikia utu uzima katika mji ambao jazi ilikuwa ikiingia kwa redio, kwa sahani za santuri na kwa Wamarekani waliokuwa wakipita. Mmoja wa Wamarekani hao hakupita tu. George Russell, mtunzi aliyekuwa amechapisha nadharia yake ya skeli ya Lydia (mpangilio mmoja wa noti) mwaka 1953, aliishi Skandinavia kuanzia 1964 hadi 1969, akawachukua vijana wa huko kwenye bendi zake na kuwapa muziki mgumu wapige mbele ya watu. Miongoni mwao walikuwa Christensen na mpiga saksofoni Jan Garbarek, aliyezaliwa 1947, ambaye aliipenda saksofoni baada ya kumsikia John Coltrane redioni akiwa na umri wa miaka 14. Tarehe 28 Aprili 1969 kundi la Russell lilirekodi kazi yake ndefu iitwayo Electronic Sonata for Souls Loved by Nature huko Høvikodden, nje kidogo ya Oslo, ambamo ala zilipigwa pamoja na sauti zilizoandaliwa mapema kwenye tepu. Mpigaji dramu hapo hakuwa na njia ya kuitegemea isipokuwa masikio yake, kwa sababu tepu haimsubiri mtu na haiongezi mwendo kwa kuwa mwanadamu amechangamka.

Mwaka uliofuata, Septemba 1970, Garbarek, Christensen, mpiga gitaa Terje Rypdal na mpiga besi Arild Andersen walirekodi Afric Pepperbird mjini Oslo, chini ya Eicher, huku fundi mitambo akiwa Jan Erik Kongshaug. Yaandike majina hayo sita kwa wino mzito, maana yatarudi mara nyingi. Kuanzia hapo ukurasa wako utajaa haraka: Bobo Stenson wa Sweden kwenye piano, Palle Danielsson wa Sweden kwenye besi, Ralph Towner na Keith Jarrett kutoka Marekani, Eberhard Weber wa Ujerumani, Enrico Rava wa Italia, Miroslav Vitous aliyezaliwa Prague, na baadaye Charles Lloyd katika Fish Out of Water ya 1989 na Tomasz Stańko wa Poland katika miaka ya 1990. Miaka ya 1980 alipiga pia katika Masqualero, kundi lililomrudisha kwa Andersen na kuwapa nafasi vijana kama mpiga tarumbeta Nils Petter Molvær.

Ukimaliza, chukua kalamu ya rangi na uunganishe kila jina linalojirudia. Utaona kwamba orodha inayoonekana ndefu imesimama juu ya watu wachache waliokaa pamoja kwa miongo. Norway ya mwaka 1970 ilikuwa na watu wasiofika milioni 4, nayo Nairobi peke yake ilihesabiwa kuwa na zaidi ya milioni 4.3 katika sensa ya 2019. Kwa hiyo anayesema kwamba mji huu ni mdogo mno kuzalisha sauti yake ya jazi anapaswa kuuangalia upya ukurasa huo. Waliohitajika Oslo walikuwa wanne, wakakubali kufanya mazoezi pamoja wakati hakuna aliyekuwa akiwatafuta.

Mpangilio wa kusikiliza

Usianze na Afric Pepperbird hata kama ndiyo ya kwanza kwa tarehe. Ni albamu kali, yenye mayowe ya saksofoni na sehemu zisizo na mwendo ulio wazi, na mwanafunzi aliyetoka kanisani anaweza kuikimbia. Anza na Belonging, iliyorekodiwa Oslo tarehe 24 na 25 Aprili 1974 na Jarrett, Garbarek, Danielsson na Christensen, kisha uende moja kwa moja kwenye wimbo uitwao 'Long As You Know You're Living Yours. Piano ya Jarrett hapo ina harufu ya injili ya Marekani, na mdundo wake utaufahamu kabla hujamaliza kuusikia. Hilo ndilo ninalotaka: ukutane na Christensen akifanya kazi unayoifanya wewe kila Jumapili, ili uone anavyoifanya tofauti.

Usikilize wimbo huo mara tatu, kila mara na kazi yake. Mara ya kwanza fuata besi peke yake, uiimbe kwa sauti ya chini. Mara ya pili fuata saksofoni, na uandike ni wapi Garbarek anavuta pumzi. Mara ya tatu fuata dramu, huku ukigonga pigo la kwanza la kila kipimo (yaani kila fungu la mapigo, aghalabu manne) kwa kiganja juu ya paja. Weka alama kila mahali ambapo mkono wako umeanguka lakini dramu haikusema kitu, kisha linganisha alama hizo na pumzi za Garbarek ulizoziandika. Kazi hii inachosha na inachukua jioni nzima kwa wimbo mmoja, lakini mimi sijui njia ya mkato inayoishinda.

Baada ya hapo nenda kwenye The Windup, katika albamu hiyo hiyo, ambao melodi yake inajikwaa kwa makusudi na kumlazimisha mpigaji kuijua kwa moyo badala ya kuihesabu. Kisha sikiliza Witchi-Tai-To, ya kundi la Garbarek na Stenson, iliyorekodiwa Novemba 1973. Wimbo wa mwisho hapo, Desireless wa Don Cherry, una takriban dakika 20, nao ni darasa zima la namna ya kupanda bila kuharakisha. Andika dakika ambayo unahisi muziki umefika kilele, halafu urudi nyuma utafute ni lini Christensen alianza kuupandisha. Wengi hushangaa kukuta kwamba alianza mapema sana, kwa kuongeza kitu kidogo mno kwenye toazi.

Ya tatu ni Solstice ya Ralph Towner, ya Desemba 1974, na hasa wimbo wa kwanza, Oceanus. Kwa maoni yangu hakuna mahali pengine ambapo toazi lake limerekodiwa vizuri kuliko hapo. Gitaa la nyuzi 12 na besi ya Weber vinatandaza sauti pana, na toazi linapita juu yake bila kukoma na bila kurudia mpangilio ule ule kwa muda mrefu. Ukiwa na mwezi mmoja tu wa kujifunza, utumie wote hapa.

Sasa unaweza kurudi Afric Pepperbird, kisha uweke kando yake Triptykon, albamu ambayo Garbarek na Andersen walirekodi mwaka 1972 na mpigaji dramu mwingine, Edward Vesala wa Finland. Kumsikia Vesala katika kiti kile kutakufundisha kuhusu Christensen zaidi ya maelezo yangu yoyote, kwa sababu utaweza kutenga kile kilichokuwa cha kundi na kile kilichokuwa cha mtu.

Mazoezi ya toazi

Inafaa kujua kwa nini toazi limekuwa na uzito huu. Katika bendi za mwanzo mapigo yalikaa kwenye ngoma ya mguu na snea, ile ngoma ndogo yenye nyaya chini yake. Jo Jones, aliyekuwa na bendi ya Count Basie miaka ya 1930, aliyahamishia kwenye haihati, yaani matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu, na Kenny Clarke, karibu na mwaka 1940, akayapeleka kwenye raidi, mguu wake ukabaki huru kwa mikazo ya kushtukiza. Clarke alihamia Paris mwaka 1956, na wapigaji wengi wa Ulaya walipata nafasi ya kumwona kwa macho. Halafu mwaka 1963 Tony Williams, kijana wa miaka 17, akaingia katika kundi la Miles Davis na kuanza kuuvunja hata ule mpangilio wa raidi uliokuwa umezoeleka, ule unaotamkwa ting, tinga-ting, tinga-ting. Christensen na rika lake walianzia hapo. Katika muziki wao wa miaka ya 1970 swingi, yaani ule mwendo wa jazi wa mapigo yasiyogawanywa sawa, mara nyingi inaachia nafasi mapigo yaliyogawanywa mawili sawasawa, na toazi linafanya kazi ya sauti ya tano badala ya saa ya ukutani.

Weka metronomu mapigo 100 kwa dakika. Piga toazi mara mbili kwa kila pigo, yaani mara nane kwa kipimo cha mapigo manne, kwa nguvu ile ile kabisa, dakika tano bila kusimama. Usipambe. Mikono ya wengi wetu imezoea kuegemea pigo la pili na la nne, na zoezi hili linauondoa mwegemeo huo ili uweze kuuweka unapotaka. Ukitulia, anza kutia mkazo kwa mafungu: tatu, tatu, mbili. Hili mkono wako unalijua tayari kutoka kwenye rumba. Kisha tatu, mbili, tatu; kisha tano na tatu. Mwisho, endelea na mafungu ya tatu bila kusimama kwenye mpaka wa kipimo, ukivuka kutoka kipimo kimoja hadi kingine, huku ukihesabu kwa mdomo moja, mbili, tatu, nne kama kawaida. Mdomo na mkono vitagombana kwa siku kadhaa. Usiongeze mwendo mpaka vipatane.

Hatua inayofuata ndiyo iliyo karibu zaidi na Christensen, nayo ni kuondoa. Kati ya mapigo nane, acha mawili yoyote, na kila kipimo uache mengine tofauti. Ukizoea, acha manne. Kisha upunguze metronomu ilie mara 50 kwa dakika, halafu mara moja tu kwa kila kipimo, yaani 25. Lengo ni kwamba mtu anayekusikiliza kutoka chumba cha pili aweze kupiga makofi kwa usahihi ingawa wewe unampa nusu tu ya habari. Mapigo ya muziki huu ni kama njia ya miguu inayojulikana na kijiji kizima. Anayeipita haiwekei alama kila hatua.

Pamoja na hayo, fanya kazi ya sauti yenyewe. Toazi moja lina sauti nyingi: ncha ya kijiti katikati ya bamba hutoa tone safi, ubavu wa kijiti ukingoni huamsha ngurumo pana, na kitovu hulia kama kengele. Piga pigo moja tu, kwa ncha, kisha usikilize hadi mlio uishe kabisa, ukihesabu umedumu mapigo mangapi. Rudia sehemu tofauti za bamba. Ukishajua kila mlio unakaa kwa muda gani, utajua pia ni lini pigo jipya litafunika la zamani na ni lini litaliacha liishe. Kisha panda kutoka kimya hadi sauti kubwa ya wastani kwa muda wa dakika mbili kamili, bila kubadilisha mwendo, na ushuke kwa dakika mbili. Karibu kila mtu huharakisha anapopanda na kuburuta anaposhuka, kwa hiyo jirekodi na uthibitishe.

Kumbuka kwamba mng'aro unaousikia kwenye albamu zile unatokana pia na studio, na mikono ya Kongshaug, na mwangwi ulioongezwa. Usitupe toazi lako kwa sababu halilii hivyo katika chumba chenye kitanda na mapazia.

Haihati, ngoma ya mguu na sauti ya mdomo

Hapa nitakuwa mfupi. Mguu wa kushoto uliozoea kufunga haihati kwenye pigo la pili na la nne uache upumzike kwa wiki moja nzima, usiuguse. Unapourudisha, uutumie kama mkono wa tatu, ukifunga haihati mahali melodi inapotulia. Ngoma ya mguu nayo iguswe kwa upole mpaka besi isikike wazi, na isidundishwe kila pigo. Na katika kila zoezi imba wimbo unaoujua, uwe tenzi la kanisani au rumba ya zamani, huku ukipiga. Mpigaji asiyeweza kuimba melodi wakati anapiga hajui yuko wapi katika wimbo, hata kama hesabu zake ni sahihi.

Kufanya mazoezi na wenzako

Tafuta watu wawili, mmoja wa besi na mwingine wa ala ya melodi. Nairobi ina mahali pa kuwapata. Kenya Conservatoire of Music imekuwa ikifundisha tangu 1944. Kumbi za Alliance Française na Goethe-Institut huleta wanamuziki wa ndani na wa nje. Tamasha la Safaricom Jazz, lililoanza 2014, lilisaidia mradi wa Ghetto Classics wa Korogocho, ambako vijana wengi wamejifunza ala za kupuliza na nyuzi. Usiwaendee wale tu unaowasifu. Waendee wa rika lako watakaokubali kukutana kila wiki.

Wapatie kazi hii. Chagueni wimbo mmoja mfupi ambao wote mnaujua kwa moyo. Katika mzunguko wa kwanza, wewe upige mapigo waziwazi. Katika wa pili, uyanyamazishe kabisa mapigo ya kwanza ya kila kipimo, nao waendelee. Katika wa tatu, besi ndiyo ishike mwendo, wewe ujibu melodi tu. Katika wa nne, asishike mtu yeyote. Mtapotea, na mkipotea msisimame. Endeleeni mpaka mkutane tena, kisha mzungumze ni nani aliyewarudisha na kwa kitu gani.

Kwa Mkenya wazo hili si geni. Katika isukuti ya Waluhya, iliyoandikishwa na UNESCO mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, ngoma kubwa, ya kati na ndogo zinagawana kazi, na mdundo unaowasimamisha wachezaji unatokana na zote tatu kwa pamoja. Aliyewahi kusimama kwenye sherehe Kakamega akauhisi mdundo huo kifuani anajua kwamba hakuna ngoma moja unayoweza kuinyooshea kidole na kusema ndiyo yenye mapigo. Kundi la Jarrett la Belonging linafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, ingawa vifaa na historia ni tofauti kabisa, na mpigaji wa hapa anayeijua ngoma ya kwao ana mtaji ambao wengi waliosoma vitabuni tu hawana. Ninawaomba wapigaji vijana wasiuache nyumbani mtaji huo wanapokwenda kupiga jazi mjini.

Kujifunza kutoka kwenye kazi yake

Rudi kwenye kurasa mbili za daftari lako, sasa kwa jicho la mtu anayetafuta riziki. Kundi la Jarrett na watu wa Skandinavia liliacha albamu tano: Belonging; My Song, iliyorekodiwa Oslo mwaka 1977; Nude Ants, iliyorekodiwa Village Vanguard jijini New York mwezi Mei 1979; na Personal Mountains pamoja na Sleeper, zote za ziara ya Japani ya Aprili 1979. Tazama tarehe za kutolewa. Personal Mountains ilitoka 1989, na Sleeper ikasubiri hadi 2012, yaani miaka 33 baada ya kupigwa. Kinachofuata ni cha kiutendaji: piga kila onyesho ukijua linaweza kusikilizwa na watu ambao bado hawajazaliwa, na omba kila mara nakala ya rekodi inayofanywa kutoka kwenye meza ya mitambo. Katika Nairobi kazi nyingi nzuri zimepigwa hotelini na kupotea usiku ule ule kwa sababu hakuna aliyebonyeza kitufe.

Tazama pia muda wa studio. Belonging ilichukua siku mbili, na Witchi-Tai-To vivyo hivyo. Hilo liliwezekana kwa kuwa walikuja wakiwa tayari, na kwa kuwa Garbarek, Danielsson na Christensen walikuwa wameshapiga pamoja kabla Jarrett hajawaletea nyimbo zake. Studio za hapa hutoza kwa saa, na bendi nyingi hutumia saa za kwanza kujadili wimbo unaanzaje. Fanyeni majadiliano hayo kwenye chumba cha mazoezi. Siku ya kurekodi fika mapema, ufunge seti yako kabla wenzako hawajafika, ukaze ngozi za snea na tomu katika chumba kile kile mtakachopigia, na umwombe fundi asikie toazi lako likipigwa polepole kabla hajaweka maikrofoni, maana fundi aliyezoea dramu za injili na za pop ataiweka karibu mno na ukingo.

Ukialikwa kumsindikiza mgeni, kama Christensen alivyoalikwa mara nyingi, omba nyimbo siku chache kabla na ujifunze melodi zake kwa kuziimba. Uliza ni nani mwingine atapiga, umtafute mpiga besi huyo, mpige pamoja angalau mara moja. Kwa mwimbaji, punguza sauti mpaka usikie konsonanti za maneno yake. Hicho ndicho kipimo nitakachokupa, na hakihitaji mtambo wowote.

Ukishafika hapo, sikiliza Gefion, ya mpiga gitaa Jakob Bro wa Denmark, ambayo Christensen aliirekodi mwaka 2013 akiwa na miaka 70, pamoja na Thomas Morgan kwenye besi. Isikilize sambamba na Oceanus, siku moja, na uandike kwenye daftari ni vitu gani mzee ameviacha na ni vipi ameendelea navyo. Kisha fungua ukurasa mpya, uandike jina la mpigaji wa pili juu yake. Daniel Humair wa Uswisi, Han Bennink wa Uholanzi na Tony Oxley wa Uingereza wote wanafaa, na Bennink ndiye ningemweka wa kwanza, kwa sababu anapingana na Christensen karibu katika kila jambo na atakulazimisha kutetea ulichojifunza.